Nne kwa Saba: Maisha ya Verlin Odell Sigmon, Fundi wa Injini za Mbio

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliokuja na fulana za mbio ingawa Mchungaji Teague aliomba suti, karibuni na asanteni. Mimi ni Nedra Sigmon Yount, mdogo wake marehemu na ndugu yake pekee aliyebaki. Haya ninayosoma ndiyo yaliyochapwa kwenye karatasi mliyo nayo mkononi. Mchungaji aliniomba nipunguze. Sikupunguza, kwa sababu kwa miaka ishirini na moja watu wa kaunti hii wamekuwa wakisema kwamba kemshafti aliyoichagua kaka yangu ndiyo iliyomuunguza mkono mume wangu. Si kweli. Sitaki azikwe na uongo huo juu yake, na nikifika mahali pake nitawaambia ilikuwaje.

Marehemu Verlin Odell Sigmon alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1947, nyumbani kwa wazazi wetu Laurel Fork, kaunti ya Caldwell, Carolina ya Kaskazini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Baxter Sigmon, fundi wa malori ya magogo, na mama yetu Ola Mae, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha soksi. Kati yake na mimi alizaliwa Roy, akaishi siku tisa. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku zote hizo tisa Verlin alikaa sakafuni kando ya kitanda cha mtoto na hakutaka kuondoka hata kula. Baada ya hapo akawa mtoto wa maneno machache, na hivyo ndivyo mlivyomjua.

Alisoma shule ya msingi ya Laurel Fork, kisha sekondari mjini, akamaliza mwaka 1965. Alama zake zilikuwa za kawaida, isipokuwa hesabu, na hata hizo zilimtia matatani. Akiwa darasa la pili, mwalimu wake, Bi. Pruitt, aliwaambia watoto waandike namba kuanzia moja hadi nane. Verlin akaandika moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili. Mwalimu akampigia mstari mwekundu. Verlin akamwambia, "Lakini mwalimu, ndivyo zinavyowaka." Mwalimu akamwita baba shuleni, na baba akaitazama karatasi akacheka mpaka ikabidi aketi, kwa sababu zile ndizo zamu za kuwaka za silinda za injini ya lori letu, na mtoto alizisikia kila jioni baba alipozitaja akifunga nyaya za plagi. Mimi nami nilizikariri kabla sijajua kusoma. Naomba mzishike zamu hizo kichwani, maana tutazirudia.

Alifanya kazi mwaka mmoja kwenye kiwanda cha samani, akaitwa jeshini, akatengeneza malori Ujerumani miaka miwili, akarudi. Mwaka 1972 alijenga karakana nyuma ya nyumba yake, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Mafundi wa injini walikuwa wengi. Yeye walimfuata kwa sababu ya kuchagua kemshafti, yaani ule mti wa chuma wenye vinundu unaoamua kila valvu ifunguke lini na ifungwe lini. Hakuwa anaikata mwenyewe. Alikuwa anaandika vipimo kwenye karatasi ya kaki, kiwanda kinakata, na gari lililokuwa la nane linakuja la pili.

Namna yake ya kuchagua mnaijua. Mtu anafika na injini kwenye trela, ana haraka, mbio ni wiki ijayo. Verlin anamkalisha, anampa chai baridi, anaanza kumuuliza. Uwanja wako una urefu gani? Udongo wake unakauka saa ngapi? Gari lina uzito gani? Halafu lile swali lililowaudhi madereva wote: "Na mguu wako ni mguu wa namna gani?" Asiporidhika na jibu anakwenda uwanjani mwenyewe, anasimama kwenye uzio, anafumba macho na kusikiliza jinsi yule bwana anavyokanyaga na kuachia mafuta. Bwana Crump, nakuona hapo nyuma unatabasamu. Wewe alikurudisha nyumbani bila kemshafti. Alikuambia, "Nenda ukajifunze kukanyaga kwanza, halafu urudi."

Alifunga ndoa na wifi yangu, Idalene Killian, tarehe 12 Juni 1971, katika kanisa hili hili. Posa yake ilikuwa fupi. Idalene alikwenda kumpelekea kaka chakula, akamkuta amelala chini ya gari. Kaka akamwambia, "Nishikie taa hapa." Alipomaliza kukaza bolti akatoka, akajifuta mikono, akasema, "Unashika vizuri. Hutikisiki. Tuoane?" Idalene hunieleza kwamba taa ile ameishika miaka arobaini na minane. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Tressa, aliyezaliwa 1974, na leo ni mwalimu wa hesabu. Bi. Pruitt angefurahi.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Miaka ya tisini mwanzoni ulitoka mtindo mpya wa kemshafti, uliobadilisha zamu za silinda mbili. Silinda ya nne ikachukua nafasi ya saba, na saba nafasi ya nne. Wazee wa uwanjani walimcheka Verlin alipoanza kuzichagua. Mzee mmoja, marehemu sasa, alimwambia mbele ya watu, "Sigmon, baba yako alikufundisha zamu sahihi. Wewe unatuletea uchawi gani?" Kaka hakubishana. Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa mezani kwake, alichukua skonzi nane za Idalene akazipanga safu mbili, nne kwa nne.

"Hizi ndizo silinda," akasema. "Tazameni tano na saba. Zimekaa jirani huku nyuma, na kwa zamu za zamani zinawaka moja baada ya nyingine. Maji ya kupoza yanaingilia mbele. Yakifika huku yameshachemka."

Lamar, mume wangu, akasema, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni kama kuwakalisha wavuta sigara wawili kwenye kona ya chumba isiyo na dirisha, shemeji. Mimi nabadilisha nne kwa saba. Bado kutakuwa na majirani wawili wanaofuatana, mbili na nne, lakini hao wako mbele, kwenye maji baridi. Na krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, haijipindi sana."

"Na nguvu inaongezeka?"

"Kidogo sana. Huenda usiisikie. Kinachoongezeka ni maisha ya injini. Sikuchagulii kemshafti ya kushinda Jumapili hii. Nakuchagulia ya kukufikisha Oktoba ukiwa bado una injini."

Lamar akaichukua ile skonzi ya saba akaila. "Haya basi," akasema. "Tubadilishe."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wale wawili, na nyinyi vijana hamkuwahi kuwaona hivyo. Mume wangu alikuwa dereva, kaka yangu alikuwa fundi, na mimi nilikuwa mikono ya wote wawili siku za mbio. Waliongea kwa simu kila siku, hata kama walikuwa wameonana asubuhi.

Lakini Verlin aliweka sharti. Kila injini aliyoibadilisha zamu alipaka rangi nyekundu pale kwenye nne na kwenye saba, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa nyaya za plagi bila kusoma zamu mpya kwa sauti, moja moja, waya kwa waya. Moja, nane, saba, tatu, sita, tano, nne, mbili. Hata yeye mwenyewe alisoma. Watu walimwona kama mtu anayesali juu ya injini. Mimi niliona kama ananidharau. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, nimefunga nyaya tangu nina miaka kumi, halafu nisomeshwe kama mtoto.

Jumapili, tarehe 20 Septemba 1998, saa tisa alasiri, uwanja wa Hollow Creek. Zilikuwa mbio za mwisho za msimu, na Lamar alikuwa anaongoza kwa pointi. Alihitaji kumaliza nafasi ya tano tu. Walipokuwa wanasukuma gari kwenda kwenye mstari, kifuniko cha distributa, kile kinachogawa cheche kwa nyaya za plagi, kikapasuka. Verlin alikuwa upande wa pili wa uwanja, kwenye mizani ya kupimia magari. Magari yalikuwa yameshaitwa. Nikaleta kifuniko kingine, nikachomoa nyaya zote nane, nikabandika kila mmoja namba ya zamu na ya silinda, nikazirudisha. Ile rangi nyekundu ilikuwa imefunikwa na udongo wa mbio za awali. Ningeweza kuifuta kwa kidole. Sikuifuta, na sikusoma kwa sauti. Nilimwambia Lamar, "Tayari, nenda."

Nilizifunga kwa zamu za baba.

Injini ikawaka, ikakohoa. Nikaisikia kabisa, nikajiambia ni mafuta yamezidi. Lamar naye akadhani hivyo, akakanyaga. Silinda mbili zilikuwa zinapewa cheche wakati valvu za kuingizia mafuta zimeanza kufunguka, na moto ukarudi juu kupitia kabureta. Kabla hajafika kona ya kwanza boneti ilikuwa inawaka. Aliungua mkono wa kushoto akihangaika kufungua wavu wa dirisha. Alipoteza vidole viwili, ubingwa, na hakuendesha tena.

Walipomaliza kuuzima moto, Verlin ndiye aliyefungua boneti. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Akatazama. Akachukua leso yake, akazishika nyaya zile zikiwa bado zina moto, akazichomoa zote nane akazitia mfukoni mwa ovaroli. Kisha akanitazama mara moja tu. Hakunitazama tena siku ile.

Lamar alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari la wagonjwa. Akapaza sauti watu wote wasikie: "Verlin! Kemshafti yako ya kichaa imenila mkono!"

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa na mdomo. Kaka yangu akasema, "Pole, Lamar."

Mnajua yaliyofuata, kwa sababu wengi wenu mlishiriki. Kwanza mlisema kwa kunong'ona, baadaye mkasema wazi, kwamba Sigmon anachezea zamu za injini na anaunguza watu. Kufika Krismasi simu ya karakana haikulia tena. Mtu aliyekuwa na trela sita zinamsubiri mlangoni akaenda kutengeneza mabasi ya shule, akatengeneza mpaka alipostaafu mwaka 2012. Kwenye viwanja vingine vyote zamu zile mpya zimekuwa jambo la kawaida. Hapa kwetu bado kuna watu wakisikia nne kwa saba wanatikisa kichwa. Hamkuwa na kosa, mliamini mlichoambiwa. Mimi ndiye niliyejua nikanyamaza.

Lamar hakukanyaga tena nyumba ya kaka yangu. Kila Sikukuu ya Shukrani alinishusha mlangoni, akabaki kwenye gari lake barabarani. Idalene alimtumia sahani. Lamar, sikuwahi kukuambia: sahani ile alikuwa anaipakua Verlin. Paja la bata mzinga, viazi vitamu, na skonzi mbili, kwa sababu alijua unapenda mbili. Aliifunika kwa karatasi ya foili ili isipoe, akanipa mimi nikuletee.

Marehemu aliugua mwezi Februari mwaka huu. Alianza na kikohozi, tukadhani mafua. Hospitali walimkuta na saratani ya mapafu, na ilikuwa imeshasambaa. Alipata tiba hadi Julai, akaomba arudishwe nyumbani. Idalene na Tressa walimuuguza kwa uvumilivu ambao sitaweza kuueleza. Nawashukuru pia wauguzi waliokuwa wanakuja nyumbani, na Bwana Crump aliyemletea kanda za sauti za mbio za zamani ili afumbe macho asikilize.

Mwezi wa nane, mchana mmoja, Idalene alikwenda dukani nikabaki naye. Nikajikaza.

"Kaka, zile nyaya."

"Zipi?"

"Unajua zipi."

"Zimo kwenye kopo la kahawa, rafu ya juu, karakana. Zitupe kabla Tressa hajaanza kusafisha. Yule mtoto anajua kusoma namba."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Nedra, mimi Lamar anaweza kunikwepa. Anapita barabara nyingine, basi. Wewe unakula naye meza moja. Angekuwa anautazama ule mkono wake kila asubuhi, halafu anakutazama wewe."

"Lakini karakana, kaka. Jina lako."

"Mabasi ya shule nayo yana injini," akasema, akafumba macho. Kisha akaniuliza, "Ulisoma kwa sauti?"

"Hapana."

"Nilijua. Ungesoma usingekosea."

Basi. Hayo ndiyo maneno pekee ya lawama niliyowahi kuyasikia kutoka kwake, na aliyasema taratibu kama mtu anayekukumbusha uchukue mwavuli. Nililia pale mpaka Idalene aliporudi, na nikamdanganya hata yeye kwamba nalia kwa sababu ya ugonjwa.

Alifariki Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 2019, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kitandani kwake, Idalene akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Nilituma maua kwa jina langu na la Lamar, kwa sababu yeye alisema haji mazishini.

Nyaya sikuzitupa. Juzi Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nilizipanga mezani mbele ya mume wangu, nane zote, zikiwa na vile vibandiko vya namba nilivyoandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Akazitazama sana. "Hizi ni za gari langu," akasema.

"Ndiyo."

"Zimetoka wapi?"

"Verlin alizichomoa siku ile akazificha. Zilikuwa zimefungwa kwa zamu za zamani."

"Nani alizifunga?"

"Mimi, Lamar."

Akainuka, akachukua kofia, akatoka. Alirudi saa moja jioni, akala, akaenda kulala. Sikumlaumu. Miaka ishirini na moja ya kumchukia mtu asiye na kosa si mzigo unaoutua kwa chakula kimoja.

Haya yafuatayo hayamo kwenye karatasi zenu. Leo asubuhi nilikwenda karakana kuandaa ile injini ya gari la Lamar. Verlin aliitengeneza upya baada ya moto, akaifunika turubai, hakumuuzia mtu. Tressa alitaka iwashwe makaburini, kama tunavyowafanyia watu wa mbio, na tumeifunga kwenye trela pale nje. Nilipofungua mlango nikamkuta Lamar. Alikuwa ameshaondoa turubai, amevaa suti yake, na nyaya mpya zimelala begani mwake.

"Soma," akaniambia.

"Nini?"

"Zamu. Soma kwa sauti, kama alivyotaka. Mimi nafunga."

Nikasoma. "Moja." Akafunga. "Nane." Akafunga. "Saba." Mkono wake, ule wa vidole vitatu, ukaenda kwenye nne. Ukaenda wenyewe, bila kuulizwa, kama wangu ulivyokwenda siku ile. Ukasimama hewani.

"Unaona," nikasema.

"Naona," akasema Lamar. Akakaa hivyo kwa muda mrefu ameshika waya, na machozi yanamtoka. Halafu akaupeleka pale penye rangi nyekundu. "Endelea, mama. Tatu."

Marehemu ameacha mke, Idalene Killian Sigmon. Binti, Tressa, na mkwe, Curtis. Wajukuu wawili, Maren na Baxter. Shemeji yake Lamar Yount, ambaye ndiye atakayeiwasha injini tukimaliza kufukia. Na mimi mdogo wake, Nedra, niliyefunga nyaya. Ametanguliwa na wazazi wetu na ndugu yetu Roy.

Alale salama Verlin Odell Sigmon. Kemshafti yake haikumuunguza mtu.